Tembo Waliolala Kiamaiko

Wahenga walisema kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Maana yake ni kwamba mtu anayefanya kazi nzuri, akimwagiwa sifa kupita kiasi, hulewa sifa zile, akalegeza mkono, na mwishowe akaiharibu kazi ile ile iliyomletea jina. Maana hiyo Wayua aliijua tangu darasa la saba, tena aliijua kwa aibu.

Siku hiyo Mwalimu Khavere aliandika methali ubaoni, akauliza ni nani awezaye kuieleza. Wayua, ambaye si kawaida yake kuinua mkono, aliuinua.

"Tembo ni ndovu," alisema. "Mgema ni fundi anayemchonga. Watu wakimsifu fundi sana, anamtumbukiza ndovu wake majini."

Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu Khavere mwenyewe alicheka hata chaki ikamponyoka. "Ewe binti Kivuva! Tembo hapa ni pombe ya mnazi, na mgema ni yule anayepanda juu kuigema. Ninyi watoto wa wachongaji mkisikia tembo mnawaza miguu minne na mkonga!"

Tangu siku hiyo alibandikwa jina la Ndovu Majini. Jina hilo lilimganda kama kupe mpaka alipomaliza darasa la nane, na hapo ndipo masomo yake yalipokomea.

Lakini mtoto wa Kivuva angewaza tembo gani mwingine? Baba yake alitoka Ukambani akaingia Nairobi akiwa na tezo moja mkononi, akachonga ndovu mpaka vidole vikakakamaa. Familia iliishi mtaa wa Baba Dogo, na karakana ilikuwa pembeni mwa Kiamaiko, ikipakana ukuta kwa ukuta na zizi la Mursal, mfanyabiashara wa mbuzi. Kila tezo ilipogonga mti, beberu mmoja alijibu. Nyuma ya karakana kulikuwa na stoo ya mabati, na ndani ya stoo hiyo Kivuva alikuwa amelaza magogo arobaini ya mpingo, aliyoyakusanya moja moja kwa miaka kumi na mitano. Alikuwa ameyachonga sehemu nyeupe ya nje ukabaki moyo mweusi ti, na ncha zake akazipaka nta ili yasipasuke yakikauka.

"Hawa ni tembo wangu waliolala," alizoea kumwambia Wayua. "Mpingo haukaushwi kwa hasira, mwanangu. Ukimwamsha kabla ya wakati wake, atapasuka akucheke." Kisha angebisha gogo kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayebisha hodi, akasikiliza. "Na siku ukitaka kuujua mpingo wa kweli, utie majini. Miti mingine huelea kama waongo. Mpingo huzama kama neno la kweli."

Mwaka wa 1993 Kivuva aliugua, naye alijua kwamba hapati nafuu. Alijua pia kwamba magogo yakiachwa bila mwenyewe yatageuka kuwa kodi ya nyumba na nauli za wageni kabla hata kaburi halijaota nyasi. Kwa hiyo alikwenda kwa wakili, akaandikisha hati ya amana. Magogo yatashikwa na mdhamini. Mwanawe wa kiume, Matheka, akitimiza miaka ishirini, atapewa magogo manne kila mwaka ili aushike ufundi wa baba yake. Mdhamini atakuwa Ngui, mdogo wake Kivuva, ambaye naye alikuwa mchongaji. Mwisho wa hati kulikuwa na maneno haya: mdhamini akiichezea amana, mke wangu Nthoki na mmoja wa wanangu, mbele ya shahidi wangu Kweyu, watie sahihi aondoke, naye atoe ufunguo. Huyo Kweyu alikuwa jirani yao, mzee aliyestaafu ukarani mahakamani, mtu wa kukunja karatasi mara nne na kuiweka ndani ya Biblia.

Kivuva alifariki mwaka huo huo, na mwanzoni Ngui aliishika amana ile kama yai. Ukweli usemwe. Alipaka nta upya, aliyageuza magogo yasipinde, aliziba mabati yaliyotoboka. Kila Jumamosi alimletea shemeji yake unga na mafuta ya kupikia. Wayua aliyaona hayo kwa macho yake, na moyoni alishukuru.

Kisha zikaja sifa.

Mama Nthoki ndiye aliyezianzisha, kwa nia njema. Kila Jumapili ulipofika wakati wa ushuhuda alisimama katikati ya kanisa na kusema, "Wengine wana mashemeji. Mimi Mungu amenipa nguzo!" Akina mama walipiga vigelegele. Kwa kuwa watoto walimwita baba mdogo, na mtaa wao ni Baba Dogo, watu walimtungia jina: Baba Mdogo wa Baba Dogo. Mwanzoni Ngui alicheka na kutikisa kichwa. Baadaye alianza kulingojea jina hilo kama mbuzi anavyongojea chumvi. Alihamishwa kutoka benchi la nyuma hadi la mbele. Akawa mwenyekiti wa harusi hii, mgeni wa heshima wa mchango ule. Na mtu aketiye mbele haendi huko mikono mitupu. Sifa nazo zina njaa yake. Ukizizoea utazilisha hata kisicho chako.

Matheka alitimiza miaka ishirini mwaka wa 1996. Wakati huo alikuwa kibarua katika kiwanda kimoja cha rangi, akimimina unga wa rangi kwenye mapipa bila hata kitambaa puani. Siku ya rangi ya kijani alikohoa kijani. Siku ya nyekundu alimfanya mama yake apige kelele akidhani ni damu. Kifua chake kililia usiku na mchana kama mlango usiotiwa mafuta. Alikwenda kwa baba yake mdogo kuomba magogo yake manne.

"Mti bado mbichi, kijana," Ngui alimjibu, akiushika ufunguo uliokuwa shingoni mwake kwa uzi wa kiatu. "Mpingo hauna haraka."

Alirudi baada ya miezi mitatu. Mti bado mbichi. Alirudi baada ya Pasaka. Bado mbichi. Mwaka mzima ukayoyoma.

"Huu mti gani, siste?" Matheka alimwuliza Wayua jioni moja, akiwa ameegemea ukuta ili apumue vizuri. "Buda alikufa akiuacha ukiwa umekaa miaka. Ama unakunywa maji huko ndani?"

"Nyamaza upumzike."

"Nitapumzika aje, Ndovu Majini? Nikilala chini naskia kama nimekaliwa na ng'ombe."

Tangu hapo Wayua hakutulia tena. Alikuwa msichana mpole, mwenye subira ya kutegua uzi uliojifunga mafundo mia, lakini sasa hata akikaa chini miguu yake ilichezacheza kana kwamba kuna mahali ilichelewa kufika. Kazi yake ilikuwa kupiga msasa. Yeye na wanawake wengine walikaa nje ya karakana, ambayo sasa Ngui ndiye aliyeiendesha, juu ya magunia, wakilainisha vinyago vilivyokwisha kuchongwa. Siku moja alipewa ndovu mweusi, mkubwa kama paka. Alipokaza msasa mgongoni, weusi ulibanduka, na chini yake mti ulikuwa mweupe kama muhogo uliomenywa.

Wayua aliacha kupiga msasa. Ule haukuwa mpingo. Ulikuwa mjakaranda uliopakwa rangi ya viatu.

Ngui alimwona. Hakubabaika hata kidogo. "Umeona, mwanangu? Mimi nachonga mjakaranda, tena naupaka rangi ya viatu kama mwizi, ili nisiguse hata kibanzi cha mti wenu. Nenda ukamwambie mama yako jinsi ninavyoteseka."

Wayua alimwambia mama yake jinsi ilivyokuwa. Jumapili iliyofuata Mama Nthoki alisimama kanisani akaisimulia habari hiyo machozi yakimlengalenga, na vigelegele vya siku hiyo vilivunja rekodi. Wayua alijiona kama mtu aliyekimbia na ndoo kuuzima moto, kumbe ndani ya ndoo ni mafuta taa.

Hata hivyo kulikuwa na jambo lililomkera kama punje ya mchanga kwenye ubwabwa. Nyuma ya karakana, mikebe mitupu ya rangi ya viatu ilikuwa imerundikana hata mbuzi wa Mursal wakawa wanaipiga teke wakipita. Mursal, ambaye alipenda mzaha, alimwita siku moja ukutani.

"Dada Wayua, hebu niambie. Baba yako mdogo ana viatu ngapi?"

"Viwili tu."

"Basi anavipaka mara mia kwa siku. Mbuzi yangu moja jana amelamba mkebe, leo anatembea kama bwana harusi."

Wayua alicheka, kisha akaitazama tena mikebe ile. Ndovu wale wadogo wa mjakaranda hawangeweza kumaliza hata robo ya mikebe ile. Ni kitu gani kikubwa namna hiyo kilichokuwa kikipakwa?

Jibu lililetwa na mvua. Mwaka huo wa 1997 ilinyesha mvua ambayo watu waliiita Elinino kana kwamba ni jirani mkorofi aliyehamia mtaani. Mitaro ilifurika, vyoo vikafurika, hata mchana haukutofautiana na magharibi. Asubuhi moja ya Novemba Wayua alisikia kwamba maji yameingia karakana za Kiamaiko, akatoka mbio bila viatu. Alichowaza ni tembo wa baba yake tu. Uani maji yalimfika magotini. Stoo ilikuwa imefungwa kwa kufuli, na Ngui hakuwapo. Wayua alitafuta tundu kwenye bati, akachungulia.

Magogo yalikuwa yanatembea. Yalizunguka polepole ndani ya stoo, yakigongana vichwa na kuachana, mepesi kama vibuyu. Wayua alisimama pale mvua ikimpiga kisogoni. Tembo wa baba yake walikuwa wanaogelea.

Alipofika nyumbani alimweleza mama yake yote. Mama Nthoki aliendelea kuchagua mchele.

"Macho ya mvua hayo," alisema.

"Mwaitu, mama yangu, niliyaona yakielea. Mpingo hauelei."

"Wayua! Mtu akikufuta machozi, humkagui kitambaa kama kina uchafu!" Sauti ya mama ilipanda, kisha ikaanguka. "Mimi nilisimama kanisani. Kila Jumapili nilisimama. Unataka leo nisimame niseme nini?"

Hapo Wayua alielewa kwamba kufuli la stoo ile lilikuwa na funguo mbili. Mmoja ulikuwa shingoni mwa Ngui. Wa pili ulikuwa kinywani mwa mama yake. Bila sahihi ya Mama Nthoki, Ngui angebaki mdhamini mpaka gogo la mwisho, na Matheka angebaki kwenye unga wa rangi mpaka pumzi ya mwisho.

Alikwenda kwa Mzee Kweyu. Mzee alifungua Biblia yake, akakunjua hati, akaisoma tangu mwanzo hadi mwisho kana kwamba haijui.

"Karatasi ipo, mwanangu, na nguvu inazo," alisema. "Lakini mama yako haamini maneno yako, wala mimi sitamlazimisha mjane kutia kidole. Usimletee mashtaka. Mletee kitu atakachokiona kwa macho yake mwenyewe."

Wayua alingoja. Kungoja kwenyewe hakukuwa kwa raha. Kulikuwa kama kusimama juu ya bati la moto na kuambiwa usirukeruke. Matheka alianza kurudi kutoka kazini akiwa amebebwa na wenzake mkono huku na mkono huku. Na Ngui, baada ya maji kupwa, alileta mikebe mingine.

Mwezi wa Desemba ndipo Mama Nthoki mwenyewe alipoleta nafasi bila kujua. Kikundi cha akina mama wa kanisa kilitaka kumfanyia Ngui shukrani: avishwe blanketi, aombewe, apigiwe vigelegele vya mwaka mzima, pale pale kwenye karakana anapoilinda amana ya mayatima. Wayua hakupinga. Alichanja kuni, alipika chai, alipanga mabenchi. Kisha alimwendea Mursal, akamwomba amwazime pipa lake lililokatwa nusu, lile la kunyweshea mbuzi.

"La nini?"

"La kuoshea tembo."

Mursal alimtazama, akaitazama mikebe, akalijaza pipa maji hadi ukingoni bila kuuliza tena.

Siku ilipofika uwanja ulijaa. Akina mama walikuja na vitambaa vyao vya kichwa, wachongaji wa karakana za jirani walikuja na vumbi lao, Mwalimu Khavere naye alikuwapo, mvi zimemwingia. Ngui alivaa suti ya kijivu, na ufunguo ulining'inia juu ya tai kama nishani. Nyimbo ziliimbwa. Mama Nthoki alitoa ushuhuda mrefu kuliko wote aliowahi kutoa. Ngui aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, lakini sikio moja lilikuwa limesimama.

Blanketi lilipoletwa, Wayua alisogea mbele.

"Baba mdogo, kabla hujavishwa, tunaomba utuonyeshe tembo mmoja wa baba. Tumwoshe vumbi la miaka minne, naye apate baraka."

"Haswaa!" akina mama wakaitikia.

Wayua alitarajia Ngui ashtuke. Hakushtuka. Alitabasamu, akafungua stoo, akawaita wachongaji wawili. Walitoka wakiwa wamelibeba gogo moja lililokuwa karibu na mlango, wakitembea kwa kujipinda, mishipa ya shingo imewatoka. Waliliinamisha pipani. Lilizama moja kwa moja, likagonga chini, ngoo! Maji yaliruka yakalowesha sketi za waliokuwa mbele.

Vigelegele vilipaa. Mama Nthoki alimgeukia binti yake, na machoni mwake mlikuwa na ushindi na huruma kwa pamoja. "Umeridhika sasa?" alinong'ona.

Wayua alihisi ardhi imemkimbia. Kwa dakika nzima aliamini kwamba macho yake ndiyo yaliyomdanganya. Kisha alikumbuka mikebe. Alikumbuka pia kwamba gogo lile lilikuwa la mlangoni, mahali ambapo mgeni yeyote akichungulia atalibishia hodi. Ndipo akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Aliweka mkono mdomoni, akapiga kigelegele kirefu kuliko vyote.

"Huyo ndiye baba yangu mdogo!" alipaza sauti. "Tembo mmoja hamtoshi mtu kama huyu! Waje wote waoge!"

"Waoge!" akina mama wakadakia, wakipiga makofi. "Waoge! Waoge!"

Ngui alicheka, lakini kicheko kilikuwa cha meno tu. "Basi, basi, mama zangu. Tusiuloweshe mti..."

"Mti uliozama unaogopa nini maji, shemeji?" aliuliza Mama Nthoki kwa furaha, bila hila yoyote. "Wacha waone! Wacha wote waone!"

Sifa zilikuwa zimemfunga pingu. Kukataa mbele ya mabenchi yale kungekuwa sawa na kulivua jina la Baba Mdogo wa Baba Dogo na kulitupa matopeni. Alisitasita mlangoni, na katika kusitasita huko Matheka alimpita akaingia ndani.

Alitoka na gogo begani. Alikuwa amelishika kwa mkono mmoja. Yeye, ambaye wiki hiyo alishindwa kupanda ngazi bila kukaa njiani, alisimama juani na gogo lenye ukubwa ule ule wa lile la kwanza, akiwa ameduwaa.

"Ni nyepesi," alisema. "Ni nyepesi kama godoro."

Akina mama waliokuwa hawaujui mti walimshangilia kijana kwa nguvu zake. Waliokuwa wakiujua walinyamaza. Mchongaji mmoja mzee alivua kofia. Matheka aliliachilia gogo pipani. Lilizama kidogo, likaibuka kama chura, likalala juu ya maji na kuanza kuzunguka. Maji yaliyolizunguka yalianza kubadilika, kwanza kama chai ya rangi, kisha kama kahawa. Wayua aliinama akalisugua kwa kipande cha msasa alichokuwa nacho kiganjani. Mti mweupe ulichomoza.

Waliokuwa kwenye mabenchi ya nyuma walisimama ili waone.

"Mti... mti bado mbichi," Ngui alisema. Neno lilimtoka kwa mazoea tu.

"Mpingo mbichi huelea, Ngui?" Mzee Kweyu aliuliza polepole.

"Tena unatoa jasho la viatu!" sauti ya Mursal ilitoka upande wa pili wa ukuta.

Ngui aliketi juu ya blanketi lililokuwa limetandikwa kwa ajili yake. Ghafla alionekana mdogo ndani ya suti ile.

"Shemeji," alisema bila kuinua macho, "gogo la kwanza niliuza ile wiki mliponifanya mwenyekiti wa harusi. Nilisema nitarudisha. Jumapili ukasimama ukanisifu. Nikasema nikirudi nyuma sasa, huyu mama atasema nini? La pili likafuata la kwanza. Kadiri mlivyoimba ndivyo nilivyozidi kupaka. Ningewaambiaje?"

"Ungeniambia mti umekwisha," alijibu Matheka. "Singekaa kule nikikohoa rangi nikikungoja."

Mzee Kweyu alikuwa tayari amefungua Biblia. Alisoma maneno ya mwisho ya hati kwa sauti ya mahakamani. Wayua alitia sahihi yake kwa mwandiko wa darasa la nane, herufi moja moja. Kisha karatasi ikafika kwa Mama Nthoki, ambaye hakujua kuandika.

Mama alisimama. Uwanja mzima ulimtazama, na benchi zima lililowahi kusikia ushuhuda wake lilikuwa pale.

"Mama Matheka," Mzee Kweyu alisema kwa upole, akijipapasa mifuko, "nisamehe. Sikubeba wino wa kidole."

Mama Nthoki alimshikisha Wayua karatasi. Alikwenda hadi pipani, akainama, akalizuia gogo lile lisizunguke. Alilisugua mgongoni kwa kidole gumba mpaka kikawa cheusi pi. Alirudi, akakikandamiza kwenye karatasi.

"Huu wino unatosha," alisema. "Ndio niliokuwa nikiupigia vigelegele."

Ngui aliuvua ufunguo shingoni. Uzi wa kiatu ulinasa kwenye tai, ikabidi Wayua amsaidie kuutoa. Alimsaidia kwa mikono yote miwili, taratibu, kama mtu anayemvua mgonjwa nguo.

Jumatatu hati ilipelekwa kwa wakili, ikagongwa muhuri, na jina la mdhamini mpya likaandikwa: Wayua. Ngui aliepushwa na polisi kwa sharti moja, kwamba atalipa mti kwa mti, gogo kwa gogo, na kila gogo litapita pipani kwanza. Alirudi kwenye benchi la nyuma kanisani. Hadi mwaka uliofuata ulipokwisha alikuwa amerudisha matatu, nayo yalizama yote. Katika wale tembo arobaini walipatikana wawili tu wa kweli, wale wa mlangoni. Hao wawili walimtosha Matheka kuaga kiwanda. Kikohozi hakikumwacha mara moja, ila kilipoteza rangi, na kelele za tezo zikaanza tena kujibizana na beberu wa Mursal.

Siku Matheka alipommaliza ndovu wake wa kwanza, akina mama walijaa tena karakanani, wakamzunguka Wayua wakiwa tayari, mikono midomoni. Wayua alirudi nyuma hatua mbili.

"Mama zangu, nawaomba, msinipigie vigelegele," alisema. "Mkinipenda, njooni kila mwezi na ndoo ya maji."

Mwalimu Khavere, aliyekuwa nyuma yao, alicheka hata akajishika mbavu, kama siku ile ya chaki. "Ndovu Majini! Ile alama niliyokunyima darasa la saba, leo nakupa. Tena nakuongeza moja."

Wayua alimchukua ndovu mikononi mwa kaka yake, akamtia pipani mwenyewe, akamtazama akizama mpaka chini. Hapo ndipo miguu yake ilipotulia. Liwe tembo la mnazi au awe tembo wa mpingo, waliosema hawakukosea: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.